Chupa Sita za Wodi ya Pili

Fikirini hakuinuka mlango wa mahabusu ulipofunguliwa. Alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, na shati lake jeupe la kazini lilikuwa limeshika vumbi la siku tatu.

"Umekuja kama jirani au kama askari?" aliuliza.

"Kama askari," Sajini Sadallah alijibu. "Jirani angekuletea chai."

"Basi uliza."

Sadallah alivuta kibao akakaa. Waliishi mtaa mmoja kule Njoro, na kwa sababu hiyo angependa kesi ishikwe na mtu mwingine. Lakini mpelelezi mwenzake alikuwa safarini Same, na Ijumaa Fikirini alitakiwa kusimama mbele ya hakimu. Leo ilikuwa Jumanne.

"Makopo manne ya dawa yamekutwa nyumbani kwako."

"Makopo matupu. Mke wangu Mwanaasha anahifadhia chumvi na majani ya chai. Dawa ikiisha, kopo anachukua anayelitaka. Nenda jikoni pale hospitali ukaangalie. Nenda hata kwa manesi."

"Tarehe kumi na nne Juni ulifungua boksi jipya."

"Nilifungua."

"Kuanzia siku hiyo, kwa siku nne, mikojo ya wodi ya pili haikuonyesha dawa."

"Na siku ya tano ikaonyesha," Fikirini alisema. "Boksi lile lile! Hilo hawakukwambia? Mwizi gani anatoa dawa Jumanne, anairudisha Jumamosi?"

Sadallah aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Hakuwa ameambiwa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Katika hospitali ya kifua iliyokuwa juu ya Uru, daktari wa Kiingereza aliyeitwa Bibi Marsden alikuwa akifanya utafiti wa dawa mpya za kifua kikuu. Wagonjwa wa wodi ya kwanza walipewa kidonge kidogo cheupe peke yake. Wa wodi ya pili walipewa kidonge hicho hicho, na juu yake unga mchungu uliofungwa ndani ya karatasi laini inayolika. Kile kidonge kilikuwa na nguvu ambazo watu wa mlimani hawakuwahi kuziona. Mtu aliyeletwa kwa machela alitembea mwenyewe baada ya miezi miwili. Ubaya wake ni kwamba, kikitumika peke yake, vijidudu hukizoea na mgonjwa hurudi palepale. Kazi ya unga ilikuwa kuvizuia visikizoee.

Hayo ndiyo aliyotumaini kuyaona Bibi Marsden. Badala yake wodi ya pili ikaanza kurudi nyuma sawasawa na ile ya kwanza. Majibu ya maabara yalionyesha kwamba vijidudu vya wagonjwa watatu vilikuwa vimeshakizoea kidonge. Kisha, mapema Julai, kijana wa Kilema aliyeitwa Remigius alitokwa na damu kifuani asubuhi moja, akafa kabla chai haijagawiwa. Bibi Marsden akaandika barua polisi: unga umechezewa, na ufunguo wa stoo anao mtoa dawa, Fikirini, peke yake.

"Remigius nilimbeba mimi," Fikirini alisema Sadallah alipokuwa anafunga daftari. "Shati hili hili. Andika na hilo."

*

Gari la hospitali lilipanda Uru polepole, katikati ya mibuni na migomba iliyolowa ukungu. Bibi Marsden alimpokea Sadallah ofisini kwake, koti zito mwilini, na hakumkaribisha kiti mpaka alipomaliza kuandika.

"Nilidhani polisi mmeshamaliza," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

"Tumemkamata mtu, Bibi Daktari. Hatujamaliza. Ningependa kuona unga."

"Ule uliobaki kwenye boksi la Juni?"

"Huo kwanza."

Alimpeleka stoo mwenyewe. Alichukua kiasi cha unga kwa ncha ya kijiko, akakikoroga kwenye kikombe cha maji, akadondosha tone moja la dawa ya rangi ya kahawia kutoka kwenye kichupa. Maji yakageuka zambarau iliyokolea.

"Hii ndiyo njia tunayotumia kwa mkojo pia," alisema. "Mgonjwa akimeza unga, mkojo wake unageuka hivi. Asipomeza, haugeuki. Hakuna anayeweza kutudanganya."

"Basi boksi la Juni ni zima."

Bibi Marsden alikitazama kikombe. "Hili kopo ni zima."

"Tupime na mengine."

Walipima yote. Kila kopo lilitoa zambarau. Kisha Sadallah akaomba wapime unga uliokuwa umeshapangwa kwenye sinia, tayari kupelekwa kwa wagonjwa. Zambarau. Bibi Marsden alikuwa ameacha kueleza sasa. Alikuwa akipima tu, haraka haraka, midomo ameibana.

"Na mikojo ya asubuhi ya leo?" Sadallah aliuliza.

"Chupa sita. Zote zimegeuka."

"Dawa iliyo stoo ni ya kweli. Inayofika wodini ni ya kweli. Inayotoka kwenye mkojo ni ya kweli. Lakini watu hawaponi."

"Ndiyo maana nikaita polisi, Sajini."

"Ulisema hakuna anayeweza kuwadanganya. Wakipimwa wakakutwa hawakumeza, wanafanywaje?"

"Wanatolewa kwenye utafiti. Dawa hizi ni chache na zimeletwa kwa ajili ya kazi hii. Asiyefuata masharti anarudi nyumbani, nafasi yake anapewa mwingine. Nimewaambia wazi siku ya kwanza."

Sadallah aliandika na hilo. "Naomba daftari la mikojo," alisema, "na daftari la wodi."

"Daftari la wodi halina majibu ya mikojo."

"Najua. Nataka yote mawili."

*

Nesi Salvina, msichana wa Kilema aliyeshika zamu ya asubuhi kwenye wodi zote mbili, alimwekea madaftari kwenye meza ya chumba cha manesi. Pembeni ya meza lilikuwapo kopo la dawa, limejaa vifungo na nyuzi. Sadallah alilitazama, naye Salvina akaona anavyolitazama.

"Hilo lilikuwa tupu nilipolichukua," alisema upesi.

"Sina shaka. Kaa kidogo, mwanangu. Asubuhi unagawaje dawa?"

"Nampa kila mtu mkononi. Kidonge na unga. Anaanza kumeza, naenda kwa wa pili. Wodi mbili, niko peke yangu."

"Unawaona wakimaliza?"

"Naona wakianza."

"Na chupa?"

"Tunaziweka chooni alfajiri, kwenye ubao, kila moja ina jina. Saa moja naenda kuzichukua."

"Wanajaza wakiwa peke yao?"

"Ni haja ndogo, Bwana Sajini. Nitasimama vipi pale?"

Sadallah alifungua madaftari yote mawili mahali pa katikati ya Juni na kuyalaza sambamba. Katika daftari la mikojo, tarehe kumi na nne hadi kumi na saba, kila jina la wodi ya pili lilikuwa na alama ya sifuri, isipokuwa moja. Mbele ya jina la Primus palikuwa na mstari mtupu, siku zote nne. Alihamisha kidole hadi daftari la wodi, akatafuta siku hizo hizo. Mwandiko ulikuwa wa Salvina mwenyewe: Mzee Primus ana malaria kali, anatapika, amehamishiwa chumba cha pembeni, unga usimamishwe.

Alirudi siku ya tano. Primus amerudi wodini, ameanza unga jana jioni. Katika lile daftari jingine, mikojo ya wodi nzima ilikuwa imegeuka zambarau.

Alisoma mara mbili, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Huyu Primus ni nani?"

"Mzee wetu wa Kilema. Mgonjwa anayeendelea vizuri kuliko wote. Wenzake tumbo linawaka moto, hawali, wanaharisha. Yeye anameza kama anakunywa mtori."

"Wenzake wanamheshimu?"

"Wanamwita baba."

Sadallah alifunga madaftari. Tangu asubuhi alikuwa akitafuta mtu aliyeiondoa dawa. Sasa aliona kwamba alipaswa kumtafuta mtu aliyeimeza.

"Nesi," alisema, "kesho ziweke chupa kama kawaida. Usimwambie mtu yeyote kwamba tumezungumza. Nitalala hapa hospitali."

*

Alfajiri ya Jumatano, kabla Salvina hajapeleka chupa chooni, Sadallah aliingia wodi ya pili akasimama mbele ya kitanda cha mwisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," Primus alijibu, huku akivaa koti. Alikuwa mzee mrefu mwenye mvi, na mikono yake ilikuwa na makovu ya miaka mingi ya kupogoa mibuni.

"Naomba tukae nje kidogo. Nina maswali kuhusu Fikirini."

Primus alitazama mlango wa choo, kisha vitanda vya wenzake. "Ngoja kwanza nijisaidie."

"Kuna choo cha wafanyakazi kule tunakokwenda."

Mzee alifunga vifungo vya koti. Alitoka.

Walikaa kwenye benchi la nyuma ya jiko, ambako jua lilikuwa linaanza kupenya ukungu. Sadallah aliuliza habari za kihamba chake, shamba la nyumbani, mibuni ipo mingapi, nani anavuna mwaka huu. Primus alijibu kwa adabu, lakini kila baada ya jibu aligeuza shingo kuelekea wodini. Saa moja na nusu Bibi Marsden alikuja mwenyewe, amebeba sinia. Chupa tano zilikuwa juu yake, na katika kila moja tone la dawa ya kahawia lilikuwa limeshatiwa.

Hakuna iliyogeuka zambarau. Nne zilikuwa na rangi ile ile hafifu ya njano, na ya tano ilikuwa imekuwa nyeusi kama wino.

"Hii nyeusi ni chai," Bibi Marsden alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Chupa ya Sirili. Ametia chai."

Sadallah alimgeukia mzee. Primus alizitazama zile chupa, kisha akavua kofia akaiweka magotini.

"Mwachieni Fikirini," alisema. "Hana kosa."

"Nieleze kuanzia mwanzo, mzee."

"Ule unga ulikuwa unawaua kwa njaa. Kijana anaumwa kifua, na tumbo nalo halishiki chakula. Wa kwanza alikuwa Remigius. Alitoka kijiji kimoja na mimi, mama yake Mektrida ni jirani yangu, tunagawana mfereji. Alilia usiku wa tatu, akasema, baba, siuwezi, na nisipoumeza watanirudisha nyumbani bila hata kile kidonge. Kidonge ndicho kilichomsimamisha, Bwana Sajini. Kila mtu aliona. Nikamwambia, kidonge meza, unga tupa. Chupa nitakujazia mimi."

"Kisha wengine wakajua."

"Wodi ni moja. Ningemjazia mmoja niwanyime wengine? Chupa zenyewe ni ndogo. Nilikunywa maji mengi."

"Unga waliutupa wapi?"

Bibi Marsden ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayejisomea.

"Kwenye vikombe vya makohozi," alisema. "Hakuna anayevifunua. Tumewakataza watu wote wasivifunue. Vinakwenda motoni moja kwa moja."

Aliingia wodini akarudi na kikombe cha bati chenye mfuniko, akakifungua mbali na nyuso zao na kudondosha tone. Zambarau ilitambaa juu ya ute.

"Juni ulipougua malaria," Sadallah alimwambia mzee, "mikojo yao ikaonekana ilivyo."

"Nililala kule chumbani nikijua wanafukuzwa. Niliporudi nikakuta hawakufukuzwa, lawama imeangukia boksi. Nikashukuru Mungu." Alifuta uso kwa kiganja. "Sikujua kwamba boksi lina mtu, mpaka Fikirini alipofungwa pingu."

"Na Remigius alipokufa?"

Mzee aliigeuza kofia magotini.

"Nilijiambia aliletwa amechelewa," Primus alisema hatimaye. "Ningeacha kujaza chupa siku ile, watano wangerudishwa kesho yake. Nikaendelea. Leo asubuhi ningejaza tena. Nifunge mimi, mwanangu. Niko tayari."

Sadallah alimgeukia Bibi Marsden. "Bibi Daktari, waliposema tumbo linauma, waliambiwa nini?"

"Kwamba maumivu ni ya kawaida." Alikuwa bado ameshika kile kikombe. "Kuna namna za kuupunguzia makali. Kugawa kwa vipimo vidogo, kuumeza pamoja na chakula. Hawakuja kwangu kulalamika."

"Ulikuwa umewaambia asiyemeza anarudi nyumbani."

"Nilikuwa nalinda utafiti!"

"Nao walikuwa wanalinda kidonge. Naandika yote mawili."

Bibi Marsden alikifunika kile kikombe. "Miezi minane ya kazi. Majibu yote ya wodi hii hayafai tena."

"Yanaonyesha kitu kimoja," Sadallah alisema. "Wodi ya pili imeugua sawasawa na ya kwanza kwa sababu ilikuwa inameza kile kile cha ya kwanza. Unga haujashindwa. Haujajaribiwa bado."

Alimwona akilipokea neno hilo, akiligeuza kichwani. Hakungoja. Alifungua ukurasa mpya na kumwomba Primus arudie maelezo yake, pole pole, ili yaandikwe.

*

Mkuu wa polisi aliyasoma maelezo hayo Alhamisi asubuhi, akaitazama sahihi ya Bibi Marsden chini yake, akauliza mzee yule ashitakiwe kwa kifungu gani. Sadallah alisema amekitafuta tangu jana, hajakiona. Mkuu alinung'unika, akatia sahihi karatasi ya kumwachia Fikirini.

Fikirini alisimama walipofika barabarani.

"Siendi nyumbani kwanza," alisema. "Nilitolewa mbele ya wagonjwa, nimefungwa pingu. Nirudishe mbele yao."

"Na shati hilo?"

"Na shati hili."

Walipanda Uru pamoja. Bibi Marsden alikuwa amewakusanya wagonjwa wa wodi zote mbili barazani, wamejifunika mablanketi. Alisimama mbele yao na kusema, kwa Kiswahili chake kile, kwamba alimshitaki mtu asiye na kosa, kwamba mtu huyo ni Fikirini, na kwamba anamwomba radhi. Kisha akasema kuanzia siku hiyo hakuna atakayerudishwa nyumbani kwa kushindwa dawa. Atakayeshindwa aseme, watatafuta njia pamoja. Wa wodi ya kwanza nao wataanza kupewa unga. Fikirini aliitikia kwa kichwa, akaenda kufungua stoo.

Lililobaki ndilo lilikuwa gumu. Bibi Marsden alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Elifuraha, mwalimu kijana wa Machame, mmoja wa wale watatu. Sadallah alisimama mlangoni. Kazi yake ilikuwa imekwisha na gari lilikuwa linamngoja, lakini hakuondoka.

"Vijidudu vyako vimekizoea kidonge," daktari alimwambia. "Hakitakusaidia tena. Iko dawa nyingine, ya sindano. Kila siku, na unga pamoja nayo. Bila unga, sindano nayo itazoeleka, na baada ya hapo sina kitu kingine."

"Kwa muda gani?"

"Miezi kumi na minane."

"Nimeshakaa minane hapa."

"Hiyo haimo. Tunaanza upya."

Elifuraha alitazama dari. Shule yake ilikuwa inamngoja Septemba. Alikuwa ameshaandika barua kwamba anakuja. Mzee Primus alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti.

"Baba," Elifuraha alimwambia, "niangalie mimi."

Primus aliinua uso.

Kijana aliomba uji. Salvina akamletea, naye akanywa nusu bakuli. Kisha akanyoosha mkono kwa Fikirini, akapokea unga kwenye karatasi yake, akautia mdomoni mbele ya watu wote na kumeza. Karatasi ya pili. Ya tatu. Jasho lilimtoka usoni, mabega yakaanza kutetemeka, na tumbo likamvuta mbele mpaka paji la uso likagusa blanketi. Salvina aliwahi na beseni akaliweka miguuni pake.

Wote walingoja. Elifuraha alishika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili, akavuta pumzi kwa pua, akaitoa, akavuta nyingine. Mara ya kwanza koo lilipanda, akalirudisha. Mara ya pili pia. Kisha akanyoosha mguu mmoja, akalisukuma beseni taratibu mpaka likaenda kugonga ukuta wa pili.

"Leteni sindano," alisema.